Mtwara hadi Dar kwa ndege: umbali na muda wa safari

Ukiwa Mtwara, uliza pale stendi ya mabasi ya Mkanaledi: Dar es Salaam ni mbali kiasi gani? Utatajiwa kilomita 560 hivi. Kwa ndege ni kama 400. Hakuna aliyekudanganya. Umbali wa ndege ni mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, kiwanja hadi kiwanja, haujali mto wala pori. Basi haliruki delta ya Rufiji: ukiifuata kutokea Dar, barabara huingia ndani ikalitafute Daraja la Mkapa, irudi pwani Somanga, na ikishapita Lindi mjini iizunguke ghuba kupitia Mingoyo.

Mstari huo unaupata kwa daftari na kalamu. Kiwanja cha Mtwara kiko nyuzi 10 na dakika 20 kusini mwa ikweta (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi). Cha Julius Nyerere, Dar, nyuzi 6 na dakika 52. Tofauti ni nyuzi tatu na nusu kasoro kidogo, na kila nyuzi ya latitudo ni kilomita 111 hivi: unapata 385. Mtwara tena imesogea mashariki karibu nyuzi moja, sawa na kilomita 108. Chora pembetatu mraba, tumia ile kanuni ya Pythagoras tuliyoichukia shuleni, jibu ni 400. Rubani yeye atakwambia 216, maana anahesabu maili za baharini, na maili moja ni mita 1,852.

Kwenye muda ndipo watu hukosea. Bombadia ya mapangaboi, Q400, ikishatulia angani hukimbia kilomita 660 hivi kwa saa. Gawanya: dakika 36. Lakini safari huchukua kama saa nzima, kwa sababu kasi hiyo ni ya katikati tu. Kuna kutembea taratibu hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, kuzunguka ili kutua upande unaokabili upepo, na Dar pengine kusubiri zamu. Muda wa kwenye tiketi huanza ndege inapoacha maegesho na kuisha inaposimama tena, kwa hiyo yote hayo yamo ndani. Upepo wa juu nao huongeza au kupunguza dakika, na si lazima uwe ule kusi anaoujua mvuvi wa Mikindani.

Halafu saa zenyewe: 07:00 ya tiketi ni saa moja asubuhi. Ukiisoma saa saba, utaikuta ndege imekwenda na kurudi.

Kisichomo kabisa kwenye muda huo ni njia ya kufika kiwanjani. Mtu wa Lindi anayepandia Mtwara huanza safari ya kaskazini kwa kwenda kusini, kama kilomita 100 za lami, na muda anaoutumia barabarani unazidi ule atakaokaa angani.