Mkato uliogeuza kilo mbili kuwa elfu mbili

Kosa la namba ninaloliogopa kuliko yote ni lile lisilotoa onyo. Niliwahi kuingiza kwenye lahajedwali faili la vipimo lililoandaliwa Ujerumani. Niliiambia programu itenganishe safu kwa nukta mkato (;), sikugusa kingine. Kompyuta ilikuwa imewekwa Kiingereza cha Marekani. Uzito wa 2,345, yaani kilo mbili na gramu 345, ukasomwa kilo 2345. Safu nzima ikajipanga upande wa kulia kama namba halali, na wastani ukatoka bila kikwazo. Kama namba hizo zingekuwa na tarakimu mbili tu baada ya mkato, huenda zingebaki maandishi upande wa kushoto na ningeshtuka mapema.

Alama hizi hazina maana moja duniani. Mjerumani huandika 1.234,56 pale Mmarekani anapoandika 1,234.56. Mhindi hukata laki: 12,34,567. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato zote mbili kuwa alama ya desimali, ila ukasisitiza kwamba makundi ya tarakimu tatu tatu yatengwe kwa nafasi tu.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza data, uliza faili limetoka wapi. Eneo unaloichagulia programu, yaani nchi na lugha ambayo namba zinasomwa kwa kanuni zake, ni la aliyeliandika; ulipokaa wewe hakuhusiki. Kwenye Power Query, zana ya Excel ya kuingiza data, bofya kulia kichwa cha safu, chagua kubadilisha aina ya data kwa kufuata eneo, kisha weka namba ya desimali na Kijerumani (Ujerumani). Kwenye pandas, maktaba ya data ya lugha ya Python, ongeza decimal=',' na thousands='.' ndani ya amri ya kusoma faili, read_csv. Wanaotumia R, lugha ya programu ya takwimu, wanayo amri ya read.csv2, inayotarajia mkato kwenye desimali na nukta mkato kati ya safu.

Wengi hukimbilia kutafuta na kubadilisha. Mimi sishauri. Ukigeuza mkato kuwa nukta kwanza, 1.234,56 inakuwa 1.234.56, na hiyo si namba tena. Ilibidi uanze kwa kufuta nukta za maelfu. Namba za Kifaransa zina mtego wake: pengo la maelfu mara nyingi si nafasi ya kawaida, bali ile isiyokatika mwishoni mwa mstari. Unaitafuta kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, programu inajibu haipo, ilhali unaiona kwa macho.

Data ikishaingia, tazama thamani ndogo na kubwa kabisa za kila safu kabla ya kuchora grafu yoyote. Na ukiwa wewe ndiye unayetuma faili, andika desimali kwa nukta, usiweke alama yoyote ya maelfu, na utaje hivyo kwenye maelezo yanayoambatana nalo. Mwonekano upangwe na kompyuta ya msomaji.