Utani wa makabila: yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Utani upo tangu enzi na enzi.

Mwingine ndiyo, mwingi sio. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitokea kusini, kwa hiyo utani wao na Wahehe hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Kati ya 1878 na 1882 makabila haya yalipigana vita vikali, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Waliorushiana mikuki wakaishia kurushiana vijembe. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unahusishwa na misafara ya karne ya 19. Mpagazi aliyebeba pembe kutoka Unyamwezi hadi Bagamoyo alipita Uzaramo akiwa hana ndugu. Alihitaji maji, pa kulala, na wa kumzika akifia njiani.

Dhana: Utani ni matusi tu.

Anayesema hivi hajakaa kwenye msiba wenye watani. Wafiwa wamejiinamia, mara anaingia mtani kavaa kanzu ya marehemu, anakohoa kama yeye, anauliza nani kala chakula chake. Mwingine kashuka kaburini, kajilaza, hatoki mpaka apewe chochote. Watu wanacheka na machozi yanawatoka. Lakini watani haohao ndio waliochimba hilo kaburi, na wengine wako jikoni tangu alfajiri. Anayetaka haki ya kumsema mwenzake bila kubeba wajibu, huyo kweli anatukana, hapo sibishi.

Dhana: Kila mtu anataniwa.

Hapana. Babu na mjukuu sawa, shemeji sawa, mabinamu sawa. Mkwe, usithubutu.

Dhana: Mjini utani umekufa.

Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote za Kariakoo, na mpaka leo watangazaji wanaziita watani wa jadi. Ofisini nako Mzaramo bado anamwita Msukuma mtumwa wake mbele ya bosi, na hakuna anayekwenda kushtaki. Maneno yapo tele. Kilicholegea ni wajibu: kaburi wanachimba vijana wa makaburini kwa malipo, chakula anapika mtu wa kukodiwa, mtani anafika mchana na mdomo wake tu. Huyo akidai hela, wafiwa wana haki ya kumuuliza jembe lake liko wapi.