Shule zinafunguliwa lini? Tuliyoyaamini wakati wa korona na yalivyokuwa kweli

Kama ulikuwa mzazi Kenya mwaka 2020 swali hili ulilisikia asubuhi kwa mtoto na jioni kwa jirani: shule zinafunguliwa lini? Mimi lilinijia mara mbili, manake binti yangu alikuwa darasa la tano hapa Mombasa na binamuye, mtoto wa dada yangu, alikuwa darasa la tano vilevile huko Tanga, na hawa wawili kila Ijumaa lazima waongee kwa simu. Juni 29 2020 yule wa Tanga akavaa yunifomu akarudi shule. Wangu akakaa nyumbani mpaka Januari 4 2021. Sasa mweleze mtoto wa miaka kumi kwa nini korona iko Likoni na Tanga haiko, ukiweza.

Hicho ndo kipindi kila mtu aligeuka waziri wa elimu. Nimeyaandika hapa yale niliyoyasikia sana (mengine niliyasema mimi mwenyewe, sikatai) na vile mambo yalivyokuja kuwa.

"Ugonjwa uishe kwanza ndo wafungue"

Hii ilikuwa ya ami yangu, na aliisema kama hukumu. Tatizo ni kwamba ugonjwa haukuisha hivyo. Mgonjwa wa kwanza Kenya alitangazwa Ijumaa Machi 13 2020, Jumapili Rais Kenyatta akafunga shule, na Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikuja kusema dharura ya korona imekwisha Mei 5 2023. Piga hesabu mwenyewe. Tungesubiri mpaka hapo binti yangu angetoka darasa la tano akiwa na miaka kumi na tatu.

Kilichoangaliwa hakikuwa kama virusi vimefika sifuri. Waliangalia kama maambukizi yanapanda au yanashuka, kama hospitali zina nafasi, na tuseme ukweli, waliangalia mitihani. Ndo maana Oktoba 12 2020 waliorudi mwanzo walikuwa darasa la nane na fomu 4, wenye KCPE (mtihani wa kumaliza msingi) na KCSE (wa kumaliza sekondari), pamoja na gredi 4 ambao ndo kundi la kwanza la mtaala mpya wa CBC. Wengine wote, kuanzia wale wadogo wa chekechea mpaka fomu 3, ngojeni. Novemba wimbi la pili likapanda, likashuka, Januari wakaingia wote. Na hapo hakuna Mkenya hata mmoja aliyekuwa amedungwa chanjo kwenye kampeni ya serikali, maana ile ilianza Machi 5 2021.

Tena Machi 26 2021 Rais akafunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na masomo ya ana kwa ana yakasimamishwa isipokuwa kwa wenye mitihani. Watu wakasema basi tena, tumerudi kule kule. Mei 10 watoto wakarudi madarasani. Yaani kufungua shule hakukuwa siku moja, kulikuwa kama kutoa jahazi bandarini wakati wa upepo wa matlai, unatoka, unarudi, unatoka tena.

"Tanzania wamefungua, kwa hivyo kule haiko"

Ilikuwepo. Tanzania walifunga Machi 17 2020, siku moja baada ya kutangaza mgonjwa wa kwanza, wakafungua vyuo na kidato cha sita Juni 1 na shule zingine zote Juni 29. Lakini tangu mwisho wa Aprili walikuwa wameacha kutoa hesabu ya wagonjwa, kwa hivyo huwezi kuchukua takwimu zao ukaweka kando ya zetu ukasema wao wazima sisi wagonjwa. Ulikuwa uamuzi wa serikali, sawa na vile Burundi waliamua kutofunga shule kabisa. Virusi ni vile vile, mipaka ni ya watu. Mimi binti yangu nilimjibu "kule rais wao amesema hivyo na huku wetu amesema hivi" akaniangalia kama nimemdanganya.

"Mwaka umefutwa, wote watarudia"

Hii haikuwa uvumi wa mtaani, ilitoka juu. Julai 7 2020 Waziri wa Elimu, marehemu Profesa Magoha, alitangaza kuwa mwaka wa masomo wa 2020 umepotea, hakuna KCPE wala KCSE mwaka huo, shule ni Januari 2021. Wazazi wengi wakauza vitabu, wengine wakahamisha watoto bara kwa bibi zao, walimu wa shule za kibinafsi wakaingia biashara ya mboga na mitumba. Halafu Oktoba 6 waziri huyo huyo akasema gredi 4, darasa la nane na fomu 4 warudi Jumatatu ijayo. Siku sita! Jirani yangu mtoto wake wa darasa la nane alikuwa Taita kwa nyanyake na viatu vyake vilikuwa vimeshapewa binamu.

Ukweli ni kwamba mwaka haukufutwa na hakuna aliyerudishwa nyuma. Walianzia pale walipoachia, muhula wa pili, na ule "mwaka 2020" ukamalizika Julai 2021. Mitihani ya 2020 ilifanywa Machi na Aprili 2021.

"Bila chanjo kwa watoto hakuna shule"

Hapa tuvuke mpaka mwingine, Uganda, kwa sababu huko ndo waliona moto wenyewe. Walifunga Machi 2020, Oktoba wakaita madarasa ya mitihani, mwanzo wa 2021 wakaanza kuingiza wengine kwa awamu, Juni 2021 wakafunga tena, na serikali ikawa inasema tuchanje watu wa kutosha kwanza. Chanjo nazo zinaingia kwa matone. Mwisho wa yote wakafungua Januari 10 2022, chanjo zimetosha hazijatosha. UNESCO walihesabu wiki 83 za shule kufungwa, kote au nusunusu, hakuna nchi iliyofika hapo. Wanafunzi kama milioni 15. Wakapandishwa wote darasa linalofuata hata kama la nyuma hawakulikalia vizuri, na walimu wengine hawakuonekana tena, walikuwa wameshapata kazi zingine.

WHO na UNICEF walikuwa wanasema wazi: mchanje mwalimu mapema mkiweza, lakini msifanye chanjo ya mtoto kuwa ndo ufunguo wa mlango. Kenya vijana wa miaka 15 hadi 17 walianza kuchanjwa mwisho wa 2021, wakati huo wameshakaa darasani karibu mwaka mzima.

"Watoto hawaipati" na nduguye "watoto ndo wanaoileta"

Nyumba moja, watu wawili, kila mmoja na yake. Mamangu alikuwa wa kwanza, mume wangu wa pili. Wote walikosea kidogo. Watoto wanaipata, wengi wao inapita kama mafua, wachache sana inawalaza hospitali, na wale wakubwa wa sekondari huambukiza karibu sawa na mtu mzima. Shule haizalishi virusi kutoka hewani, inachukua hali ya mtaa. Mtaa ukiwa na maambukizi mengi, darasani yatafika.

Lakini walio hatarini zaidi shuleni hawakuwa watoto. Walikuwa walimu, wapishi, askari wa geti, mwalimu mkuu wa miaka hamsini na nane mwenye sukari na presha. Oktoba ile ile ya 2020 hapa Mombasa shule kadhaa zilifungwa tena kwa muda baada ya walimu kupimwa wakakutwa nayo. Hapo ndo nikaacha kuuliza "mwanangu ataipata?" nikaanza kuuliza mwalimu wake ana umri gani.

"Mita moja na nusu, na wapulize dawa"

Nenda shule ya serikali yoyote upime darasa, ni kama mita saba kwa nane. Weka mtoto kila mita moja na nusu, acha nafasi ya mwalimu na mlango, unapata watoto ishirini na kitu. Darasa la binti yangu walikuwa sitini na mmoja. Hao wengine waende wapi? Wengine walisomea chini ya mwembe, kweli, na Januari ya Mombasa lile jua unalijua. Waziri mwenyewe ilibidi akiri mwisho kwamba kukaa mbalimbali kutakuwa kazi, kwa hivyo barakoa ndo lazima. Ungengoja mpaka kila mtoto apate mita yake, ungengoja madarasa mapya yajengwe, hiyo si miezi ni miaka.

Na ile kupuliza sakafu na madawati, wale jamaa na mapampu yao migongoni kama wanapulizia korosho, ilipendeza kwenye televisheni lakini virusi hivi vinapita zaidi kwa pumzi, kwenye chumba kilichofungwa. Kilichosaidia ni dirisha wazi. Shule zetu nyingi za pwani madirisha hayana hata vioo, tulikuwa tunalalamika miaka yote na kumbe pale tulikuwa na bahati. Siku ya kwanza nilienda kumpeleka nikakuta getini mwalimu na bunduki ya kupima joto, kila mtoto anasoma nyuzi thelathini na nne, thelathini na tatu, hata mimi niliyetembea juani kutoka stejini nikapimwa thelathini na tatu. Kwa hiyo bunduki nilikuwa maiti. Kunawa mikono nako, kuzuri, kipindupindu na kuharisha kunapungua, ila usidhani ndoo ya maji na kipande cha sabuni ndo vilikuwa vinaamua shule ifunguliwe lini.

"Si wanasoma kwa simu"

Wanasoma wapi. KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, walikuwa wanarusha masomo kwa redio ya KBC, kwa televisheni na YouTube, na walijitahidi, siwezi kusema uongo. Lakini nyumba yangu ina simu moja ya intaneti na watoto watatu, na hiyo simu saa mbili asubuhi inatoka na baba yao kazini. Redio ilikuwepo: kipindi cha darasa la tano kinaanza, anafungua daftari, mwalimu wa redioni anasema "sasa jibu swali la pili" na kabla hajamaliza kuandika yule ameshafika la tano. Hawezi kunyoosha mkono redioni. Wiki ya tatu nikamkuta anatumia daftari la hesabu kuandika bei za maandazi ya kuuza.

Shule ya kibinafsi aliyokuwa anasoma kaka yake ndo ilinimaliza, jina silitaji. Walitutumia mesej kwamba masomo yanaendelea kwa WhatsApp na karo ni nusu. Masomo yenyewe ilikuwa picha ya ukurasa wa kitabu, imepigwa kando, kivuli cha mkono juu yake, "fanyeni zoezi namba 1 hadi 10", kusahihisha ni juu yako mzazi. Nikalipa mwezi mmoja, wa pili sikulipa wakamtoa kwenye grupu.

Na kukaa nyumbani hakukuwa usalama kwa kila mtoto. Wengine chakula cha mchana cha uhakika kilikuwa kile cha shule. Mtaani kwetu vijana wa darasa la saba na la nane waliingia kwenye boda na kubeba mchanga, na wasichana wawili ninaowajua Januari hawakurudi, walikuwa wajawazito. Hii ndo upande wa mizani ambao sisi tuliokuwa tunasema "wangoje tu" hatukuupima.

"Wakirudi tu, mambo yako sawa"

Januari 4 2021 ilikuwa Jumatatu. Jioni nikafungua daftari lake la Kiswahili, lile lile la zamani maana sikuwa na pesa ya jipya. Ukurasa wa kushoto: 13 Machi 2020, insha, "Mvua iliyonyesha usiku", haijasahihishwa. Ukurasa wa kulia: 4 Januari 2021. Mwandiko ulikuwa umekuwa mkubwa, kama wa mtoto wa darasa la tatu.

Kurudi muda wote hakukumaanisha kurudi kawaida. Ili kukomboa muda, wizara ilibana kalenda: darasa la tano likaisha Julai 2021, la sita likaanza Julai 26 likaisha Machi 2022, la saba Aprili mpaka Novemba 2022. Mihula mifupi, likizo wiki moja, mtoto hajafua soksi anaitwa tena, na kila muhula karo yake kwa wenye kulipa. Mwaka 2022 KCPE ilifanywa mara mbili, Machi na Novemba. Kalenda ya Januari hadi Novemba ilirudi 2023, na mwaka huo ndo binti yangu alifanya KCPE, ile ya mwisho kabisa kabla haijaondolewa.

Lakini hiyo ni baadaye. Ile Ijumaa ya kwanza ya Januari 2021 simu ya Tanga ikaita kama kawaida, akaenda kuongelea uani ila nilimsikia. Huko wenzake walikuwa wamemaliza mwaka Desemba.

"Mimi la sita," binamuye akamwambia. "Wewe je?"

"La tano."

"Bado?"

Akaniletea simu, akasema bando limeisha. Lilikuwa halijaisha.