Laibrari Iko Wazi GitHub? Hiyo Bado Si Ruhusa

Nimeulizwa tena wiki hii: "Kaka, hii laibrari (msimbo uliotayarishwa ili programu nyingine ziutumie) iko GitHub, mtandao wa kuhifadhi na kushirikishana msimbo, kila mtu anaiona, haina leseni yoyote. Si naweza kuitumia tu kwenye app ya mteja?" Hapana. Laibrari isiyo na leseni ndiyo iliyofungwa kuliko zote.

Hakimiliki haisubiri usajili. Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya iliingia mwaka 1993 na Tanzania 1994, unataka kazi ilindwe bila mwandishi kuhangaikia taratibu zozote, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Mtu akishaandika mistari yake, ni yake. Akiiweka hadharani, masharti ya GitHub yanakuruhusu kuisoma na kuifoku (kujitengenezea nakala yake) humo humo. Kuibeba ukaiuze ndani ya bidhaa yako, hakuna aliyekuruhusu.

Sasa upande wa mwandishi, maana huku ndiko ninakochoka zaidi. Anachagua GPL, leseni ya programu huria, kwenye orodha, faili la LICENSE linaingia kwenye repo (hifadhi ya mradi), anaona amemaliza. Lile faili ni maandishi ya leseni tu. Halisemi msimbo upi uko chini yake, halimtaji mwenye haki, wala halisemi kama amekubali toleo la 3 pekee au na matoleo yatakayofuata. Soma kifungu cha 14 cha GPL toleo la 3: programu isipotaja namba ya toleo, anayeipokea anaweza kuchagua toleo lolote lililowahi kutolewa na Free Software Foundation, taasisi iliyoiandika leseni hiyo. Si jambo dogo hilo. Msimbo ulio chini ya leseni nyingine, Apache 2.0, kwa msimamo wa taasisi hiyo hiyo, unaweza kuingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, lakini si wa toleo la 2 pekee. Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kiko chini ya toleo la 2 pekee, na Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alikataa waziwazi kuhamia la 3. Neno "pekee" lina uzito, na wewe umeliacha hewani.

Tuseme una laibrari ndogo ya Python inayogeuza 0754 kuwa +255754. Juu kabisa ya simu.py weka:

# Copyright (C) 2025 Jina Lako
# SPDX-License-Identifier: LGPL-3.0-or-later

Mstari wa pili unataja leseni kwa ufupi: LGPL, ndugu ya GPL yenye masharti mepesi, toleo la 3 au la baadaye. Rudia kwenye kila faili. Faili husafiri peke yake: mtu atainakili simu.py tu, aitupe kwenye mradi wake, na LICENSE yako ibaki nyuma.

Ukitaka MIT, leseni fupi isiyobana, chukua MIT. Sharti lake kubwa ni watu wasiondoe tangazo lako la hakimiliki. Kwa laibrari, ugumu uko kati ya GPL na LGPL. Ukiweka GPL, anayesambaza programu iliyounganishwa na laibrari yako anatakiwa kuitoa programu nzima chini ya GPL. LGPL inairuhusu programu iliyofungwa iitumie, ila mtumiaji aweze kuitoa laibrari yako na kuweka nakala aliyoirekebisha mwenyewe. Kwenye C, ukiwa na faili la .so (laibrari inayokaa kwenye faili lake lenyewe) pembeni, hilo ni rahisi. Kwenye Go, ambako kwa kawaida kila kitu huingia kwenye faili moja, au JavaScript iliyobanwa yote pamoja, linakuwa tabu kweli. Na ukweli usiosemwa madarasani ni huu: wanasheria wenyewe hawajaafikiana kama kuunganisha tu programu na laibrari kunazaa kazi mpya inayotokana na ya kwanza. Tunafuata tafsiri ya walioandika leseni kwa sababu ndiyo njia salama, na mimi kwa laibrari ningechagua LGPL au MPL 2.0, leseni ambayo masharti yake yanaishia kwenye mafaili ya laibrari yenyewe, kuliko kumwachia mtumiaji fumbo.

Kama uliiandika ukiwa kazini, soma kwanza mkataba wa ajira. Huenda haki si zako kuzitoa. Na chagua mapema, kwa sababu kila anayekuletea marekebisho anabaki na hakimiliki ya mistari yake. VideoLAN, watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video, walipotaka kuihamisha libVLC, moyo wake, kutoka GPL kwenda LGPL, iliwabidi wawatafute waandishi wake mmoja mmoja kuomba idhini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, fungua issue (ujumbe wa hadhara kwa mwenye mradi) kwenye ile repo, mwombe mwenyewe aweke leseni, umwambie unataka kuitumia wapi. Wengi hawajaweka kwa kusahau tu. Mpaka ajibu, iondoe kwenye app ya mteja.