Eti Mabaki ya Kitambaa Hayahitaji Kipimo

"Mwalimu, haya si mabaki tu? Kwani lazima nipime?" Swali hili huja kila tunapoanza bloku ya majira ya baridi, yaani mraba wa vipande vilivyoungwa wenye umbo la msonobari au theluji, unaounganishwa na mingine kuwa blanketi la viraka, na limenichosha. Ndiyo, lazima upime. Tena mabaki yanadai umakini kuliko kitambaa kizima, kwa sababu bloku ya mabaki ina mishono mingi, na kila mshono ni mwanya wa kukosea.

Chukua bloku ya msonobari inayojengwa kwa vipande 8 vilivyolala kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimekatwa kwa upana wa inchi 2. Ukiacha robo inchi ya mshono kila upande, kila kipande kinabaki na inchi 1.5, na bloku iliyokamilika ina inchi 12. Katikati kuna mishono 7. Sasa shona kwa kukisia, uzidishe milimita 1 tu. Kosa hilo linakula vipande vyote viwili vinavyoungana, yaani milimita 2. Ukifika mshono wa saba umeshapoteza milimita 14, zaidi ya nusu inchi, na bloku yako haikutani na jirani yake mpaka uivute.

Kabla ya kugusa vipande vya theluji, jaribu cherehani yako. Unganisha vipande vitatu vya upana wa inchi 1.5, piga pasi, kisha pima cha katikati. Kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza mshono uende karibu na ukingo kwa upana wa uzi mmoja, maana mkunjo wa kitambaa kwenye mshono nao hula upana kidogo. Usiniambie mguu wa cherehani ni wa robo inchi. Pima!

"Basi pasi itanyoosha." Hainyooshi. Mabaki mengi yametoka kwenye shingo na makwapa ya nguo, kwa hiyo kingo zake ni za mshazari, yaani zimekatwa kimshazari kuvuka nyuzi za kitambaa, na mshazari ukisukumwa na pasi unarefuka. Teremsha pasi, bonyeza, inua, hamia pengine.

Wapo wanaoamini baridi ni bluu na nyeupe tu. Kinacholifanya jicho lione theluji ni tofauti ya mwanga na giza. Nyeupe juu ya kijivu hafifu hupotea, ilhali rangi ya maziwa juu ya zambarau iliyokolea hung'aa. Piga picha ya vipande kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, utajua papo hapo.

Wengine hushona chembe ya theluji yenye ncha 8 kwa kuwa miraba inarahisisha. Hiyo ni nyota, na ni nzuri, lakini fuwele ya theluji hukua kwa pande 6, kwa jinsi molekuli za maji zinavyojipanga zinapoganda. Tazama picha za Wilson Bentley wa Vermont, Marekani, aliyeanza kuzipiga kwa hadubini mwaka 1885, kisha kata pembetatu za nyuzi 60.

Na "nyekundu haichuji, ni ya zamani"? Lowesha kipande, kiweke juu ya kitambaa cheupe, ukandamize kwa pasi ya moto. Kikiacha doa, kisikaribie theluji yako. Mshono wa nyeupe na rangi iliyokolea ulaze upande wa rangi iliyokolea, la sivyo kivuli chake kitaonekana kwa mbele.