Je, wajua kwa nini mkuu wa polisi wa Seattle aliyaita mabomu ya machozi kosa kubwa kuliko yote kazini mwake?

Picha zilizosambaa duniani kutoka Seattle, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1999 ni za aina mbili. Kuna vijana waliofunika nyuso wakivunja vioo vya maduka, na kuna askari wenye ngao na helmeti wakitembea ndani ya moshi wa mabomu ya machozi. Kwa miaka mingi nilizipanga hivyo kichwani: vioo vilivunjwa kwanza, moshi ukafuata. Niliamini polisi walikuwa wanajibu fujo. Ndiyo maana sikumwelewa Norm Stamper, aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo, niliposikia kwamba baada ya kustaafu amekuwa akizunguka akisema kuruhusu yale mabomu ndilo kosa kubwa alilowahi kufanya kazini. Nilijiuliza, kosa liko wapi hapo? Mtu akivunja duka, polisi afanye nini?

Mpangilio wangu ulikuwa kinyume cha mambo yalivyotokea.

Siku yenyewe ni tarehe 30 Novemba 1999, siku ya ufunguzi wa mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani. (Mkutano wa namna hiyo ulifika Nairobi Desemba 2015, wa kwanza kufanyika barani Afrika chini ya Sahara.) Kabla jua halijapanda, wanaharakati walikuwa wameshakaa kwenye njia panda zinazozunguka ukumbi wa mkutano. Wengine walikaa chini wakiwa wameshikana mikono, wengine wamefungana ndani ya mabomba ili isiwe rahisi kuwabandua. Walitaka mawaziri wasipite, na walifanikiwa: sherehe za ufunguzi ziliahirishwa na mwisho zikafutwa. Kufunga barabara ni kuvunja sheria, hilo halina ubishi. Lakini waliokaa pale hawakuwa wakimpiga mtu wala kuvunja kitu.

Ilipofika kama saa nne asubuhi, kwenye makutano ya mtaa wa Sita na mtaa wa Union, polisi waliamua kusafisha njia. Walipuliza dawa ya pilipili, wakarusha mabomu ya machozi, na waliopigwa nayo ni watu walioketi. Wimbi kubwa la uvunjaji wa vioo lilikuja baada ya hapo, asubuhi hiyohiyo. Mchana wake Meya Paul Schell akatangaza hali ya hatari, usiku kukawa na amri ya kutotoka nje, na kikosi cha akiba cha jimbo kikaitwa. Kwa siku kadhaa zilizofuata watu wapatao 600 walikamatwa, na tarehe 3 Desemba mkutano ukavunjika bila makubaliano. Siku nne baadaye Stamper alitangaza kuwa anaachia ngazi.

Sidai kwamba moshi ndio uliowatuma vijana wale kuvunja vioo. Kulikuwa na kundi dogo lililokuja likiwa na nia hiyo tangu nyumbani, na huenda lingefanya lililofanya hata kama polisi wangebaki kambini. Hoja ya Stamper ni nyembamba kuliko hapo, na naona ndiyo inayoipa nguvu. Anasema mabomu yalirushwa kwa watu wasio na fujo, na kwamba tangu dakika hiyo polisi wakapoteza imani ya umati mzima. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kawaida kabisa: njia ifunguke ili ambulensi, magari ya zimamoto na ya polisi yaweze kupita. Yeye mwenyewe amesema kwamba askari aliyemo ndani yake aliiona sababu hiyo kuwa halali, lakini mkuu wa polisi aliyemo ndani yake alipaswa kukataa.

Sasa, kwa nini bomu la machozi lipoteze imani ya umati badala ya kuutawanya tu?

Anza na kitu chenyewe. Tunakiita moshi, tunakiita gesi, lakini kemikali ya CS inayotumika zaidi ni ungaunga mkavu unaopeperushwa hewani. Unaingia machoni na puani, unanata kwenye nguo, na hauchagui mtu. Rungu lina mkono unaoliongoza, hivyo askari akitaka anaweza kumpiga huyu na kumwacha yule. Unga ukishapaa, upepo ndio unaoamua. Anayerusha chupa, aliyekaa akiimba, na mama aliyetoka dukani na mfuko wake wote wanalia machozi yaleyale. (Kemikali hiyohiyo imepigwa marufuku kutumika vitani na Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kufanya kazi 1997. Askari jeshi haruhusiwi kumrushia adui yake uwanja wa vita. Polisi anaruhusiwa kuwarushia raia wa nchi yake, kwa kuwa mkataba umeacha mlango wazi kwa kutuliza ghasia. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilirudia mara tatu kuhakikisha sijasoma vibaya.)

Halafu fikiria darasa la wanafunzi 60. Mwalimu ameugeukia ubao, na huko nyuma mtu anapiga mluzi. Wakati huo darasa si kitu kimoja. Wa mbele wamekasirika kwa sababu wanataka kusoma. Wa katikati hawajali. Wa nyuma wanacheka, na wawili watatu wanamnong'oneza mwenzao aache. Mwalimu akiuliza kwa utulivu, yupo atakayemtupia jicho mkosaji, na hilo jicho linatosha. Darasa linajilinda lenyewe.

Badala yake mwalimu anachukua fimbo na kuchapa darasa zima. Anapofika dawati la kumi, kitu kimeshabadilika. Yule wa mbele aliyekuwa upande wake amechapwa bila kosa. Hawezi tena kumgeukia mpiga mluzi na kumwambia aache, kwa sababu akisema hivyo ataonekana msaliti, na hata yeye mwenyewe haamini tena kwamba mwalimu anastahili kusaidiwa. Mpiga mluzi, ambaye dakika tano nyuma alikuwa kero, sasa ni mtu aliyethubutu. Mluzi wa pili ukipigwa hakuna atakayemtaja mtu. Makundi manne yamekuwa darasa moja, na fimbo ndiyo iliyoyaunganisha.

Umati wa Seattle ulikuwa wa mchanganyiko zaidi ya darasa hilo. Walikuwapo wafanyakazi wa viwanda vya chuma, madereva wa malori, wanafunzi, watu wa makanisa, na wapenda mazingira waliovaa mavazi ya kasa kwa sababu ya uamuzi wa kibiashara uliogusa ulinzi wa kasa wa baharini. Walikuwa zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakupenda hata kidogo kuona vioo vikivunjwa. Baadhi walisimama mbele ya maduka kuwazuia wavunjaji. Hao ndio waliokuwa wasaidizi wakubwa ambao polisi wangeweza kuwapata siku ile. Ukiwatia pilipili machoni, umewafukuza kazi.

Mfano wa darasa ni wangu, lakini wazo lina watafiti nyuma yake. Tangu Mfaransa Gustave Le Bon alipoandika mwaka 1895 kwamba mtu akiingia kwenye umati anapoteza akili, serikali nyingi zimeichukulia mikusanyiko kana kwamba ni mnyama mmoja wa kutishwa. Mwanasaikolojia Stephen Reicher aliichunguza ghasia ya St Pauls, Bristol, ya Aprili 1980, akakuta umati uliokuwa na mipaka: polisi walishambuliwa, lakini nyumba za watu wa mtaa hazikuguswa. Baadaye yeye na Clifford Stott walionyesha jinsi umati unavyoungana pale polisi wanapoutendea wote kama kitu kimoja chenye hatari. Kwenye mashindano ya mpira ya Euro 2004 nchini Ureno, polisi wa mijini walijaribu njia tofauti: askari wa kawaida wakizungumza na mashabiki, wa ngao wakikaa mbali, nguvu ikielekezwa kwa mkosaji mmojammoja. Vurugu katika maeneo yao zilikuwa chache mno.

Ushahidi huu una mipaka yake. Mwingi umetoka Ulaya, na sehemu kubwa ni kuhusu mpira. Shabiki aliyelewa na mwanaharakati aliyejifunga kwenye bomba si mtu mmoja, na siku ya Seattle haiwezi kurudiwa bila mabomu tuone ingekwendaje. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba maelezo ya Stamper, aliyekuwa upande wa wenye mabomu, yanafanana sana na waliyoyaona watafiti.

Kulikuwa na jambo la pili nililolikosea. Nilidhani Stamper alikuwa askari wa kizamani aliyeokoka baada ya aibu. Sivyo. Alianza kazi San Diego mwaka 1966, akakaa huko miaka 28, akapanda hadi karibu na kilele akisukuma upolisi wa kushirikiana na jamii. Seattle ilipomchukua mwaka 1994 ilikuwa inamchukua mtu wa mageuzi. Alitembea na sare kwenye maandamano ya mashoga na wasagaji wakati ambapo wakuu wengi wa polisi wasingethubutu.

Hapo swali linakuwa gumu zaidi: mtu wa namna hiyo aliruhusuje? Jibu analolitoa ni kwamba idara za polisi zimejengwa kwa mfano wa jeshi. Amri inashuka, swali halipandi, na siku ya shinikizo kila mtu anashika kifaa kilicho karibu na mkono wake. Moyo mzuri wa mkuu hautoshi kuupindua muundo huo kati ya saa tatu na saa nne asubuhi.

Ndiyo maana kazi yake ya baada ya 2000 imeshika muundo zaidi ya tabia. Ameandika vitabu viwili, cha 2005 na cha 2016. Ametaka raia wawe na usemi katika kuendesha polisi, na serikali kuu iwape askari leseni inayoweza kunyang'anywa. Amejiunga na chama cha maofisa wanaopinga vita dhidi ya dawa za kulevya, akisema vita hivyo ndivyo vilivyowazoesha polisi kuwaona raia kama adui.

Idara aliyoiacha haikubadilika kwa sababu ya maneno yake. Desemba 2011 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kuwa polisi wa Seattle wana mwenendo wa kutumia nguvu kupita kiasi, na mwaka 2012 jiji likawekwa chini ya uangalizi wa mahakama. Kisha ikaja Juni 2020, maandamano ya baada ya George Floyd, Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi. Tarehe 5, meya wa wakati huo, Jenny Durkan, alitangaza kusimamisha matumizi ya CS kwa siku 30. Siku chache tu baadaye ilirushwa tena mtaani Capitol Hill, na tarehe 12 jaji wa mahakama ya shirikisho akawazuia polisi kwa muda kuitumia dhidi ya waandamanaji wa amani.