"Njuka Lazima Anyooshwe": Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Kila Januari stendi ya Kange, hapa Tanga, hujaa matranka na magodoro ya njuka, watoto wa kidato cha kwanza. Tunawabusu, tunawapa nauli, tunawakabidhi bweni. Kinachowangoja usiku wa kwanza wengi wetu tunakijua, na tumekizoea: mgeni kuteswa au kudhalilishwa kama sharti la kupokelewa na wenyeji.

Dhana: Ni utani tu.
Utani tunaujua sisi watu wa Tanga. Ukinitania, nami nakurudishia, tunacheka wote. Njuka akirudishia anapigwa. Huo si utani.

Dhana: Kichura (kurukaruka umechuchumaa kama chura) hakijawahi kuua mtu.
Mpwa wangu alirushwa kichura kati ya vitanda hadi miguu ikagoma. Keshokutwa yake hakuweza kushuka ngazi, na mkojo ulimtoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Wenzake wakamwambia anywe maji alale. Daktari alitueleza kwamba misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake huvunjika, na protini iliyomo ndani yake, maiyoglobini, humwagikia kwenye damu na kuumiza figo. Figo zikifeli, mtu anaweza kufa. Alitundikiwa dripu siku tatu. Mzazi, ukisikia habari ya mkojo wa namna hiyo baada ya mazoezi ya kulazimishwa, mkimbize hospitali saa ileile. Madafu hayatibu hilo.

Dhana: Mwenyewe alikubali.
Mtoto wa miaka 14, taa zimezimwa, wakubwa ishirini wamemzunguka. Akatae vipi? Ufaransa ililiona hili: sheria yake ya mwaka 1998 inamtia hatiani mtesaji hata kama mgeni aliridhia.

Dhana: Inajenga undugu.
Hapa ndipo wengi tunaponasa, maana waliopitia mateso husema kweli kwamba wanalipenda kundi lao. Mwaka 1959 wanasaikolojia wa Kimarekani Elliot Aronson na Judson Mills waliwapa wanafunzi mtihani wa aibu kabla ya kuingia kwenye kundi la mazungumzo yaliyotengenezwa makusudi yachoshe. Waliopewa mtihani mgumu zaidi ndio waliolisifia zaidi. Moyo hutafuta sababu ya maumivu yake, basi.

Undugu wenyewe tuutazame. Februari 2017, katika chuo kikuu cha Penn State, Marekani, Timothy Piazza, miaka 19, alinyweshwa pombe nyingi usiku wa kupokelewa katika chama cha wanafunzi, akaanguka ngazini. "Ndugu" zake walikaa naye mpaka asubuhi ndipo wakaita msaada. Alifariki.

Dhana: Mbona hata jando lilikuwa gumu?
Jandoni kungwi anajulikana kwa jina, mzazi ndiye anayemkabidhi mtoto, na likiharibika jambo yupo wa kuulizwa. Bwenini saa sita usiku ataulizwa nani?

Dhana: Hakuna sheria inayokataza.
Ipo. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inapiga marufuku kumtesa au kumdhalilisha mtu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto dhidi ya mateso. Simu ya 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo.

Mwanao akirudi likizo usimuulize tu kama shule ni nzuri. Muulize taa huzimwa saa ngapi, na zikishazimwa nani huja kitandani kwake. Kisha nyamaza umsikilize.